Kabla ya kununua amplifaya kubwa, piga hesabu ya desibeli

Swali: Mimi hukodisha vyombo vya muziki hapa Ahero, nje kidogo ya Kisumu. Huitwa matanga, harusi na mikutano ya injili. Nina spika mbili za inchi 15. Nyuma zimeandikwa wati 1,000, omu 8, 96 dB. Amplifaya yangu hutoa wati 250 kila upande. Tukiwa uwanjani, watu walio nyuma kabisa, kama mita 40 kutoka jukwaani, hulalamika kwamba wanasikia mvumo lakini hawashiki maneno. Muuza duka mmoja mjini ameniambia ninunue amplifaya ya wati 500 kila upande, eti sauti itakuwa mara mbili. Pesa nimeshaweka akiba. Je, ninunue?

Jibu: Ndugu yangu wa Ahero, usinunue bado. Amplifaya hiyo itakuongezea desibeli 3 tu (desibeli, au dB, ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Tofauti ya desibeli 3 mtu huitambua ukimsikilizisha sauti mbili kwa zamu, hii kisha ile. Lakini mama aliyekaa chini ya mti mita 40 kutoka jukwaani hatageuka na kusema sasa anashika maneno. Sikio la kawaida huona sauti imekuwa mara mbili inapopanda kwa desibeli 10 hivi, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Kutoka 250 ungelazimika kufika 2,500 kwa kila spika, na spika zako zingeungua mhubiri akiwa bado kwenye sala ya kufungua.

Ila katika swali lako kuna neno moja lililonigusa kuliko habari ya amplifaya. Umesema wanasikia mvumo, hawashiki maneno. Mtu anayekosa wati husema hasikii. Anayesema anasikia mvumo ana shida nyingine, na hesabu ya desibeli itatuonyesha ni ipi. Nifuate polepole, huhitaji kalkuleta.

Tuanze na ile 96 dB ambayo wauzaji wengi huiruka. Hiyo ndiyo sensitiviti ya spika: spika ikipewa wati 1 tu, ukasimama mita 1 mbele yake, utapima desibeli 96. Mimi huiita wepesi wa spika. Spika nyepesi hupewa umeme kidogo ikatoa sauti nyingi. Spika nzito hula umeme ukapotea kuwa joto. Na karibu umeme wote hupotea hivyo. Spika ya koni yenye sensitiviti ya 92 hugeuza asilimia 1 hivi tu ya umeme kuwa sauti. Yako ya 96 hugeuza kama asilimia 2 na nusu. Zilizobaki, 97 na zaidi, zinachemsha koili ya shaba iliyo ndani ya sumaku. Tangu Rice na Kellogg wa Marekani walipotangaza spika ya koili na koni mwaka 1925, tumeboresha mengi, lakini hasara hiyo ya joto bado tunaishi nayo.

Sasa wati. Desibeli hatuzizidishi, tunajumlisha. Ukiongeza wati mara mbili, jumlisha 3. Ukiongeza mara kumi, jumlisha 10. Kwa hizo mbili utapata karibu namba yoyote. Wati 10 ni 10, wati 100 ni 20, wati 1,000 ni 30. Wati 250 je? Chukua 1,000 uigawe nusu, kisha nusu tena: 30 toa 3, toa 3, inabaki 24. Jumlisha na 96 ya spika, unapata desibeli 120 ukiwa mita 1.

Utaniuliza kwa nini nimetumia 250 na kibandiko kinasema 1,000. Ile 1,000 ni kilele, wati ambazo spika inaweza kuvumilia kwa kufumba na kufumbua. Nusu yake, 500, ndiyo huitwa wati za muziki. Nusu ya hiyo tena, 250, ndiyo ambayo spika inaweza kuibeba mfululizo bila kuungua. Spika nyingi zimepangwa hivyo, kilele kikiwa mara nne ya uwezo wa kudumu. Mara nne ni desibeli 6. Kwa hiyo ukiona kibandiko kinajisifu kwa "desibeli 126", ujue wamechukua 96 wakajumlisha 30 ya kilele. Namba hiyo ipo kwenye karatasi; uwanjani hutaikuta. Zile redio za mezani zenye kuandikwa maelfu ya wati kwa herufi za dhahabu huku waya wake wa umeme ni mwembamba kama wa chaja ya simu, hata usizihesabu.

Tuje kwenye umbali, maana hapa ndipo sauti nyingi huishia. Uwanjani, pasipo kuta, kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza desibeli 6. Ukizidi mara kumi unapoteza 20. Mita 40 ni mita 1 mara kumi, mara mbili, mara mbili tena: 20, jumlisha 6, jumlisha 6, yaani 32. Toa 32 kwenye 120, inabaki 88. Una spika mbili, jumlisha 3: 91. Zikiwa zimewekwa pamoja besi inaweza kupanda hata kwa 6, lakini kwa maneno ya binadamu usihesabu zaidi ya 3.

Bado hatujamaliza. Wati 250 ni pale amplifaya inapofika ukingoni. Sauti ya mtu na muziki hupanda na kushuka. Kilele ni cha kitambo kidogo, na wastani wake uko chini sana. Watengenezaji wenyewe, wakitaka kueleza amplifaya inakula umeme kiasi gani kwenye kazi ya kawaida, hupima kwa sehemu moja ya nane ya uwezo wake. Nane ni mbili mara mbili mara mbili, kwa hiyo toa 9. Wastani nyuma kabisa ni 82. Mimi binafsi huondoa 3 nyingine kwa ajili ya joto la koili na maneno matamu ya kibandiko. Tubaki na 79.

Desibeli 79 ni nyingi. Mtu akizungumza nawe kwa utulivu mkiwa mita 1 mmoja kutoka kwa mwenzake, ni kama 60. Uwanja wenye watu waliotulia, watoto wakipita huku na huko na jenereta ikiwa mbali, hauwezi kuzima 79, maana maneno hueleweka vizuri yakiwa desibeli 10 hivi juu ya kelele zinazoyazunguka. Hesabu inasema watu wako wa nyuma wanapaswa kushika kila neno. Masikio yao yanasema hapana. Basi wati zipo, ila kati ya maiki na yale masikio kuna mahali zinaibwa.

Mwizi wa kwanza ni mahali ulipoziweka. Hukuniambia, lakini kwa miaka niliyozunguka na vyombo kutoka Nakuru hadi Busia, nimeona spika juu ya meza, juu ya kreti za soda, juu ya benchi la kanisa, mara nyingi kuliko nilivyoziona juu ya stendi. Fikiria urefu wa mawimbi. Besi ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi la mita 3 na nusu hivi. Inamzunguka mtu kama maji yanavyozunguka mti. Lakini sauti za s, sh, ch, t, k, f ziko juu, kuanzia hezi 2,000 kwenda mbele, na kwenye hezi 4,000 wimbi halifiki sentimita 9. Hilo halizungukii mtu. Linagonga mgongo wa aliye mstari wa mbele na kufia kwenye koti lake. Wa mstari wa kumi anapata mabaki. Wa nyuma kabisa anapata irabu peke yake. Ukiondoa konsonanti, kaka, papa na chacha ni kitu kimoja: a-a. Huo ndio mvumo wanaokulalamikia.

Nilijifunza hili kwenye matanga huko upande wa Mumias. Nilikuja na amplifaya kubwa kuliko yako, nikaweka spika juu ya mabenchi mawili mbele ya tenti, nikaridhika kwa sababu kifua changu kilikuwa kinatetemeka. Baada ya mazishi mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ngoma tumesikia. Jina la marehemu hatukusikia." Wasifu wa mtu husomwa mara moja. Sikuweza kuurudisha, na tangu siku hiyo sijawahi kuweka spika chini ya vichwa vya watu.

Inua spika. Ile honi ndogo iliyo juu ya wufa (koni kubwa ya besi), ambayo ndiyo inayotoa konsonanti, iwe mita 2 na nusu kutoka ardhini au zaidi, halafu uso wake uinamishwe kidogo ili utazame watu wa katikati na wa nyuma. Stendi imara zitakugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya amplifaya. Kuna faida ya pili. Spika ikiwa chini, mtoto aliyekaa mita 3 mbele yake na bibi aliye mita 40 wanatofautiana kwa zaidi ya desibeli 22. Ukiinua na kuielekeza nyuma, mtoto anatoka kwenye mkondo wa honi na bibi anaingia.

Mwizi wa pili ni mkono wa mhubiri. Ile sheria ya umbali tuliyoitumia kwa spika inafanya kazi pia kati ya mdomo na maiki. Akishika maiki sentimita 5 kutoka mdomoni, kisha akanogewa na hotuba na kuishusha hadi kifuani, sentimita 20, umbali umezidi mara nne. Hizo ni desibeli 12. Kuzirudisha kwa amplifaya ungehitaji wati mara kumi na sita! Na huwezi kuzirudisha kwa kupandisha kitasa cha mikisa (ile mashine ya kuchanganya sauti) pia, kwa sababu maiki itaanza kusikia spika na kupiga mluzi. Kwa hiyo kabla ya mkutano, kaa na mchungaji au msomaji wa wasifu dakika mbili, mweleze kwa heshima, mshikishe maiki mwenyewe mahali pake. Ukiona ni mzee ambaye mikono yake haitulii, mpe ile ya stendi au ya kuvaa kichwani. Hili halihitaji hata shilingi, na katika yote ninayokuandikia ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Hakikisha pia spika ziko mbele ya maiki, si nyuma yake wala sambamba nayo.

Mwizi wa tatu ni waya. Shaba ya milimita mraba 1.5 ina ukinzani wa kama omu 0.012 kwa kila mita. Ukivuta mita 40, umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 80, karibu omu 1. Kama spika zote mbili umezifunga pamoja kwenye waya mmoja, omu 8 na 8 zinakuwa 4, na omu 1 ya waya inakula karibu desibeli 2. Ukitumia ule mwembamba wa taa, milimita mraba 0.75, hasara inapita desibeli 3. Yaani amplifaya mpya anayotaka kukuuzia yule bwana ingemezwa yote na waya uliouvuta wewe mwenyewe, na ungebaki pale pale ulipokuwa. Tena siku hizi madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka. Nunua shaba ya milimita mraba 2.5 au 4, kila spika na waya wake, na amplifaya ikae karibu na spika. Ni waya wa maiki na wa mikisa unaoweza kwenda mbali bila hasara ya maana.

Halafu besi. Kwenye mkutano wa maneno, mvumo wa upepo kwenye maiki, vishindo vya jukwaa na sauti nzito ya mhubiri huchukua wati nyingi bila kuongeza neno hata moja. Mikisa nyingi zina kitufe kwenye kila chaneli cha kukata sauti zote zilizo chini ya hezi 80 au 100. Kibonyeze kwa kila maiki ya mazungumzo. Muziki ukianza, hauko kwenye chaneli hiyo, kwa hiyo besi yako inabaki salama.

Sasa, kwa siku utakayotaka kununua kitu kikubwa, tuseme ukweli kuhusu spika na amplifaya.

Spika yenye sensitiviti ya 99, ukiifunga kwenye amplifaya yako hii hii, inakupa desibeli zilezile 3 ambazo amplifaya ya wati 500 ingekupa ukiwa na spika za 96. Na inakupa bila joto la ziada, bila jenereta kubwa, bila mafuta zaidi. Linganisha pia na kule chini: spika za sebuleni zenye 87 zinahitaji wati 2,000 kufikia zile desibeli 120 unazozipata kwa 250, maana tofauti ya 9 ni mara nane. Spika hiyo ya sebuleni haiwezi kubeba wati 2,000, kwa hiyo haitafika kamwe. Ndiyo maana zile honi za chuma za kijivu zilizo juu ya makanisa na misikiti, wati 30 tu, zinasikika kijiji kizima: nyingi zina sensitiviti inayopita 100. Hazina besi na muziki wake unakwaruza masikio, lakini maneno hufika.

Ila soma namba hiyo kwa makini. Wengine hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8 ni kitu kimoja, maana volti 2.83 kwenye omu 8 ndiyo wati 1. Kwa spika ya omu 4 volti hizohizo ni wati 2, kwa hiyo namba imepanda kwa 3 bila spika kuwa nyepesi zaidi. Na wapo wanaochagua ile hezi moja ambayo spika inapayuka zaidi, wakaandika kilele hicho kana kwamba ni sauti yote. Kama kampuni haikuchapisha mchoro wa sauti kwa kila hezi, mimi huondoa 3 kabla hata sijaanza kuhesabu.

Joto nalo lina habari yake. Ukinzani wa shaba hupanda kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyochemka nyuzi 200 zaidi ya ilipoanza ina ukinzani karibu mara 1.8, na amplifaya haiisukumi tena kama asubuhi. Spika inaweza kupoteza desibeli 3 au zaidi katika saa moja ya muziki mzito, fundi akaona sauti imeshuka, akapandisha kitasa, joto likazidi. Jua la saa saba mchana Kisumu, kwenye sanduku jeusi, linaongeza yake. Ziweke spika kwenye kivuli ukiweza, na muziki ukiwa wa kutwa nzima shusha kidogo kila baada ya muda, zipumue.

Amplifaya kubwa ina faida yake, na sitaki udhani naipinga. Faida ni nafasi ya kupumua. Amplifaya ndogo ikisukumwa kupita ukingo wake, mawimbi hukatwa vichwa. Yaliyokatwa hivyo hubeba wati nyingi zaidi za wastani, na sehemu kubwa ya uchafu wake huenda kwenye koili ndogo ya honi, ambayo ni nyembamba kama uzi. Ndivyo wati 250 zilizokatwa zinavyounguza honi ambayo wati 500 safi zingeiacha hai. Kama wewe ndiye unayeshika vitasa kila mara na una nidhamu ya kushusha sauti taa nyekundu ya amplifaya inapowaka, amplifaya yenye wati mara mbili ya uwezo wa kudumu wa spika ni chaguo zuri. Kama vyombo vyako hupokewa na kijana wa harusi saa sita usiku, baki na 250.

Hesabu hii usiifanye kwa ajili ya nyuma pekee. Ifanye kwa ajili ya mbele. Mita 3 kutoka kwenye spika moja, wastani ni 120 toa 10 ya umbali, toa 9, yaani 101. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kwamba kwenye kumbi za burudani wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Kwenye matanga zetu watoto hupenda kukaa pale pale, migongo kwenye spika, kutwa nzima. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi. Vuta kamba, weka viti viwili vya kuzuia, ongea na mama mmoja awahamishe. Ni kazi yako kama ilivyo kazi yako kuangalia waya usimrushe mtu.

Ifanye pia kwa ajili ya jirani. Kutoka mita 40 hadi 320 umbali umezidi mara mbili, mara mbili, mara mbili: toa 18. Ile 82 inakuwa 64 kwenye nyumba iliyo mita 320. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka 50 mchana nje ya nyumba kwenye eneo la makazi na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili. Kwa hiyo omba kibali mapema, na usiku elekeza spika mbali na nyumba. Usiku ardhi ikipoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu na sauti hupindwa kurudi chini, kwa hiyo husafiri mbali kuliko hesabu inavyosema. Walio Dunga, kando ya ziwa, wanaijua hali hiyo vizuri. Mchana upepo wa Kisumu hutoka ziwani kuja nchi kavu. Panga jukwaa ili upepo uchukue sauti kutoka kwenye spika kwenda kwa watu. Ukivuma kinyume, unaipindisha sauti juu, ikawapita walio nyuma.

Watu huniuliza pia kama ni kweli vyombo husikika vidogo Nakuru kuliko pwani. Ni kweli, kidogo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na koni ikisukuma hewa nyepesi inapoteza karibu desibeli moja na nusu. Kwenu Kisumu ni karibu moja. Hakuna atakayeitambua.

Basi pesa zako mimi ningezigawa hivi. Kwanza stendi mbili ndefu na waya wa shaba. Zikibaki, badala ya amplifaya nunua spika ya tatu ya kuweka katikati ya uwanja, mita 20 kutoka jukwaani, ikitazama nyuma. Mtu aliyekuwa mita 40 kutoka kwenye spika sasa yuko mita 20: hizo ni desibeli 6, sawa na wati mara nne. Itahitaji kuchelewesha sauti, maana sauti ya jukwaani huchukua kama milisekunde 58 kutembea mita 20, na isipochelewa watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Mikisa za dijitali zina mpangilio huo. Weka 58, kisha ongeza 10 hadi 15, ili sikio liendelee kudhani mhubiri ndiye anayesema na si sanduku lililo pembeni.

Lakini hata stendi, azima kwanza. Jumamosi kabla ya watu kufika, weka rekodi ya mtu akisoma, si wimbo, spika zikiwa mahali ulipozoea. Nenda mita 40 na programu ya kupima desibeli kwenye simu. Simu haitakupa namba kamili, lakini tofauti kati ya kipimo na kipimo itakuwa karibu na ukweli. Andika. Panga vijana kumi na watano au ishirini wasimame katikati kama umati, pima tena, na mwombe mmoja wao akurudilie sentensi aliyosikia akiwa nyuma. Kisha inua spika, badilisha waya, bonyeza kile kitufe cha kukata besi, na baada ya kila badiliko moja rudi nyuma upime na umwombe akurudilie sentensi nyingine. Niandikie ulichopata, pamoja na urefu wa waya wako na mahali spika zilipokuwa zimekaa siku walipolalamika.